Majarida nchini Tanzania

Majarida nchini Tanzania ni machapisho yanayotolewa kwa vipindi maalumu, kwa mfano kila wiki, kila mwezi au kila baada ya miezi mitatu, na ambayo hukusanya ndani ya jalada moja makala, habari, hadithi, mashairi, picha na matangazo. Historia yake ilianza Zanzibar mwaka 1888, wakati wanafunzi wa shule ya misheni walipoanza kuchapa *Msimulizi*, na inaendelea hadi leo.

Katika muda huo wote majarida yamekabiliwa na maswali mawili: nani alipie gharama, na nakala zimfikieje msomaji aliye mbali na mitambo ya uchapaji. Karibu kila jarida lililofika mbali nchini liligharimiwa na mtu asiye msomaji: misheni, serikali, chama au mfadhili. Majarida yaliyotegemea fedha ya msomaji mwenyewe yalikuwa machache, na yalidumu pale tu yalipompa kitu alichokuwa tayari kukinunua kila toleo.

## Jina

Neno *jarida* limetoka katika Kiarabu, ambako hutumika kwa maana ya gazeti. Katika Kiswahili cha leo jarida hutofautishwa na *gazeti*: gazeti huchapishwa kwa karatasi nyepesi isiyobanwa na huleta habari za siku au za wiki, wakati jarida huwa na kurasa zilizobanwa pamoja, mara nyingi lina jalada la karatasi nzito, na makala zake hukusudiwa kusomwa kwa muda mrefu zaidi. Hata hivyo mpaka huo si mkali. Machapisho ya kila mwezi ya zamani, kama vile *Mambo Leo*, yaliitwa magazeti na wasomaji wake ingawa kwa umbo na yaliyomo yalikuwa majarida.

Neno linalotumika kwa Kiingereza, *magazine*, nalo lina asili ya Kiarabu. Lilitoka katika *makhazin*, yaani maghala, likapita katika Kiitalia na Kifaransa hadi kufika Uingereza. Mzizi wake wa Kiarabu ndio uliozaa pia neno la Kiswahili *hazina*. Kwa hiyo maana ya msingi ni ghala la vitu mbalimbali vilivyowekwa pamoja. Neno hilo lilianza kutumika kwa machapisho baada ya Edward Cave kuanzisha *The Gentleman's Magazine* mjini London mwaka 1731.

## Asili ya biashara ya majarida

Majarida ya kwanza ya Ulaya yalitokea katika karne ya 17. Jarida la Kijerumani *Erbauliche Monaths-Unterredungen* lilianza mjini Hamburg mwaka 1663, na mwaka 1665 yakafuata majarida ya wataalamu huko Paris na London. Kwa zaidi ya miaka mia mbili yalikuwa ghali na yalisomwa na watu wachache wenye fedha.

Mabadiliko makubwa yalitokea Marekani mwaka 1893. Mchapishaji Frank Munsey alishusha bei ya *Munsey's Magazine* kutoka senti 25 hadi senti 10, yaani chini ya gharama ya kulitengeneza. Wanunuzi waliongezeka haraka, na kwa sababu ya wingi wao makampuni yalikubali kulipa fedha nyingi ili matangazo yao yaonekane humo. Tangu hapo jarida la umma likawa na wateja wawili: msomaji anayelipa sehemu ndogo, na mtangazaji anayelipa sehemu kubwa kwa ajili ya kumfikia msomaji huyo. Utaratibu huu uliyakuza majarida makubwa ya karne ya 20 kama vile *Time* (1923) na *Life*, ambalo liligeuzwa kuwa jarida la picha mwaka 1936. Ndio pia uliowaumiza wachapishaji wakati televisheni ilipowachukua watangazaji: *Life* liliacha kutoka kila wiki mwaka 1972.

Nchini Tanzania utaratibu huo ulishika kwa shida. Watangazaji walikuwa wachache, wasomaji wengi hawakuwa na fedha za ziada, na kwa miaka mingi viwanda na biashara kubwa vilikuwa mali ya serikali.

## Historia

### Majarida ya misheni na wakati wa Wajerumani

*Msimulizi* lilianzishwa mwaka 1888 na misheni ya Kianglikana ya UMCA katika chuo cha Kiungani, Zanzibar. Kwa kawaida huhesabiwa kuwa chapisho la kwanza la aina ya gazeti kwa lugha ya Kiswahili. Liliandikwa na kuchapwa kwa sehemu kubwa na wanafunzi, na lilileta habari za vituo vya misheni vilivyotawanyika bara na visiwani, hivyo waliosoma pamoja waliweza kujuana hali baada ya kutengana. Katika miaka ya 1890 misheni hiyohiyo ilianza *Habari za Mwezi* huko Magila, karibu na Muheza.

Wakati wa utawala wa Wajerumani, shule ya serikali ya Tanga ilitoa *Kiongozi*, lililokuwa likichapwa kila mwezi mwanzoni mwa karne ya 20. Walimu, makarani na maakida waliosoma shule za serikali walikuwa wasomaji na pia waandishi wake, wakituma habari kutoka vituo vyao vya kazi. Mwaka 1910 yakaanza *Pwani na Bara* la misheni ya Kilutheri na *Rafiki Yangu* la Wakatoliki, yote mawili Dar es Salaam. Vita Vikuu vya Kwanza vilikomesha majarida hayo yote ya kipindi cha Wajerumani.

### Mambo Leo

Serikali ya Uingereza katika Tanganyika ilianza kutoa *Mambo Leo* mwezi Januari 1923, kupitia Idara ya Elimu, Dar es Salaam. Lilitoka kila mwezi kwa zaidi ya miongo mitatu na lilikuwa chapisho la Kiswahili lililosomwa kuliko yote katika eneo hilo.

Ndani yake mlikuwa na matangazo ya serikali, habari za dunia, mafunzo ya kilimo na afya, hadithi, mafumbo na barua. Wilaya za bara zilipata nafasi ya kuandika habari zao: mvua, mavuno, misiba, michezo ya mpira, ziara za wakubwa. Ukurasa wa mashairi ulipendwa sana. Washairi walijibizana toleo baada ya toleo, na baadhi yao walifahamiana kwa njia ya jarida tu bila kuonana uso kwa uso. Shaaban Robert ni mmoja wa waandishi ambao mashairi yao ya mwanzo yalitokea humo katika miaka ya 1930.

Kwa kuwa lilikuwa mali ya serikali, *Mambo Leo* halikutoa nafasi ya kuupinga ukoloni waziwazi. Hata hivyo wasomaji walitumia barua na mashairi kujadili heshima, maendeleo, ndoa, ulevi na maana ya ustaarabu. Mijadala hiyo ilikuwa ya siasa kwa namna yake, ingawa haikuitwa hivyo.

### Machapisho ya Waafrika

Mwaka 1937 Erica Fiah, mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyetoka Uganda, alianzisha *Kwetu*, chapisho la kwanza la Kiswahili lililomilikiwa na Mwafrika katika Tanganyika. Liliandika juu ya kazi, mishahara na ubaguzi, mambo ambayo *Mambo Leo* liliyagusa kwa tahadhari. Likiwa halina fungu la serikali wala la misheni, lilitegemea wanunuzi na matangazo madogo, na mara kwa mara lilipungukiwa fedha.

### Baada ya uhuru

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 serikali iliendelea kuwa mchapishaji mkubwa. Idara ya Habari, iliyokuja kujulikana kama MAELEZO, ilitoa jarida la picha *Nchi Yetu*, lililoonyesha ujenzi wa taifa, ziara za viongozi na kazi za vijijini. Picha zake zilikuwa na uzito wa pekee kwa sababu Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Kwa wananchi wengi jarida lilikuwa njia ya kuziona sura za viongozi na miji ambayo walikuwa wakiisikia redioni tu.

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafunzi wa kundi la USARF walianza kutoa *Cheche* mwaka 1969. Lilikuwa na jina la Kiswahili lakini liliandikwa kwa Kiingereza. Kurasa zake zilipigwa taipu kwenye stensili na kurudufiwa kwa mkono. Mwaka 1970 toleo moja zima lilibeba uchambuzi wa Issa Shivji kuhusu matabaka nchini Tanzania. Mwezi Novemba mwaka huohuo serikali ililipiga marufuku jarida pamoja na kundi lililolitoa. Nafasi yake ilichukuliwa na *Maji Maji*, lililotolewa na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU chuoni.

Wanawake waandishi wa habari walianzisha chama cha TAMWA mwaka 1987, na mwaka uliofuata wakaanza kutoa jarida *Sauti ya Siti*. Jina lake linamkumbuka Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar. Jarida lilijadili mirathi, ukatili majumbani, mimba za wanafunzi na picha ya mwanamke katika vyombo vya habari.

### Kisomo na wasomaji wapya

Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba takribani theluthi mbili ya watu wazima Tanzania Bara hawakujua kusoma na kuandika. Rais Julius Nyerere alitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni za kisomo zikaenea nchini.

Kanda ya Ziwa ilikuwa imetangulia. Mwaka 1968 mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, ukisaidiwa na UNESCO, ulianza katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi (leo Kagera), makao yake yakiwa Mwanza. Vitabu vyake vya kusomea vilifungamana na kazi za watu: kilimo cha pamba, migomba, uvuvi, ufugaji na malezi ya nyumbani.

Baada ya muda likajitokeza tatizo jipya. Mtu mzima aliyejifunza kusoma na asiye na kitu cha kusoma husahau. Kwa sababu hiyo katika miaka ya 1970 lilianzishwa huko Mwanza chapisho la kila mwezi *Elimu Haina Mwisho*, kwa ajili ya wasomaji wapya wa kanda hiyo. Lilitumia lugha nyepesi na herufi kubwa, likaeleza kilimo, afya na habari za vijijini. Lilikuwa mfano wa magazeti ya vijijini, ambayo yalitofautiana na mengine kwa kuwa yalitengenezwa karibu na wasomaji na kwa kuwa yalichukua habari kutoka kwao.

### Majarida ya picha na katuni

Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Afrika Mashariki walisoma kwa wingi *African Film*, jarida la hadithi za picha lililotolewa na kampuni ya *Drum* ya Afrika Kusini. Shujaa wake alikuwa mpelelezi Lance Spearman. Hadithi iliendelea kwa picha zilizopigwa kwa kamera, zikiwa na maneno ya wahusika juu yake, kama filamu iliyochapwa kwenye karatasi.

Mwandishi Faraji Katalambulla, anayejulikana kwa riwaya yake *Simu ya Kifo* (1965), aliichukua namna hiyo na kuanzisha *Film Tanzania* kwa Kiswahili. Wahusika walikuwa Watanzania, na mandhari yalikuwa mitaa ambayo msomaji aliitambua. Baadaye Said Bawji na Nico ye Mbajo wakaanzisha *Sani*, ambalo jina lake limeunganisha silabi za mwanzo za majina yao mawili. *Sani* lilichanganya katuni, hadithi za mfululizo, mapenzi na vichekesho. Wahusika wake kama Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Madenge wakawa majina ya utani mitaani. Mchoraji Philip Ndunguru, aliyefariki kijana mwaka 1986, ni mmoja wa waliojenga sifa ya katuni hizo.

Majarida hayo hayakuwa na ruzuku. Yaliishi kwa sababu watu waliyanunua, wakakopeshana, na wakasubiri toleo linalofuata ili kujua hadithi iliishia wapi.

### Tangu miaka ya 1990

Kurudi kwa mfumo wa vyama vingi mwaka 1992 na kulegezwa kwa masharti ya biashara kulifungua mlango kwa wachapishaji binafsi. Machapisho mengi yalianzishwa, na mengi yalikufa baada ya matoleo machache. Hadithi za mfululizo na habari za wasanii zilihamia kwa kiasi kikubwa katika magazeti ya udaku ya kila wiki, yaliyokuwa na bei ndogo kuliko jarida la karatasi ya kung'aa.

Jarida lililofika mbali zaidi katika kipindi hiki halikuuzwa. *Femina*, baadaye *Fema*, lilianza mwaka 1999 kuhusu afya ya uzazi, UKIMWI na maisha ya vijana. Liligawiwa bure katika shule za sekondari, kwa fedha za wafadhili, na likachapwa zaidi ya nakala 100,000 kwa toleo. Ndugu yake *Si Mchezo!*, lililoanza mwaka 2003, liliwalenga vijana walio nje ya shule, hasa vijijini. Shuleni wanafunzi waliunda klabu za Fema za kusoma na kujadili yaliyomo.

## Biashara ya jarida

Mapato ya jarida hutoka katika njia nne: mauzo ya nakala moja moja, ada ya wateja wanaolipia kwa mwaka, matangazo, na ruzuku. Gharama zake ni malipo ya waandishi, wapigapicha na wahariri, usanifu wa kurasa, karatasi, uchapaji na usafirishaji.

Sehemu ya gharama haibadiliki hata nakala zikiwa chache. Kwa mfano, ikiwa kuandaa toleo moja kunagharimu shilingi 4,000,000, na kuchapa kila nakala kunagharimu shilingi 1,000, basi:

- nakala 1,000 zitagharimu shilingi 5,000 kila moja;
- nakala 4,000 zitagharimu shilingi 2,000 kila moja;
- nakala 10,000 zitagharimu shilingi 1,400 kila moja.

Kwa sababu hiyo jarida dogo huwa ghali, na kwa kuwa ni ghali hubaki dogo. Mchapishaji anayetaka kuvunja mzunguko huo huhitaji mtaji wa kuchapa nakala nyingi kabla ya kujua kama zitanunuliwa. Nakala zisizouzwa hurudishwa na wakala au huozea stoo, na hasara ni ya mchapishaji. Aidha wakala na muuzaji wa mwisho hukata sehemu yao katika kila nakala, na fedha ya mauzo huchelewa kumrudia mwenye jarida.

Karatasi imekuwa tatizo la kudumu. Katika uhaba wa fedha za kigeni mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, machapisho mengi yalipunguza kurasa au yalisimama kwa muda. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, kilichoanza uzalishaji mwaka 1985, kilikusudiwa kupunguza utegemezi wa karatasi kutoka nje.

Watangazaji huuliza idadi ya nakala, lakini katika Tanzania idadi hiyo haionyeshi idadi ya wasomaji. Nakala moja husomwa nyumbani, hupita kwa majirani, hukaa kwenye kiti cha kinyozi au kwenye mashine ya fundi cherehani, na husomwa kwa sauti kwa wasiojua kusoma. Mtangazaji hulipia nakala iliyouzwa, naye mchapishaji hapati chochote kwa wasomaji wa pili, wa tatu na wa kumi. Hivyo jarida linaweza kuwa maarufu na wakati huohuo likafilisika.

## Usambazaji: mfano wa Nyalikungu

Wachapishaji wengi wako Dar es Salaam, na ugumu wa kuwafikia wasomaji wa bara unaonekana katika mahali kama Nyalikungu, kata ya wilaya ya Maswa katika mkoa wa Simiyu. Mkoa huo, wenye makao makuu Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Maswa ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga. Kutoka Dar es Salaam hadi hapo ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000.

Kwa miongo mingi vifurushi vya magazeti na majarida ya Kanda ya Ziwa vilisafiri kwa reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928. Kituo cha Malampaka, kilicho ndani ya wilaya ya Maswa, kiko kwenye reli hiyo. Kutoka kituoni mzigo ulipaswa kuendelea kwa gari barabarani, na wakati wa masika njia za udongo mweusi hupitika kwa shida. Siku hizi mabasi ndiyo hubeba vifurushi.

Gazeti la kila siku likichelewa siku mbili limeshapoteza thamani. Jarida la mwezi halipotezi, na hii ndiyo faida yake kubwa katika mahali pa mbali: hadithi, shairi, maelezo ya ugonjwa wa ng'ombe au mafunzo ya mtihani husomeka vilevile baada ya wiki tatu. Lakini hasara zake nazo ni za mahali hapo. Simiyu ni mkoa unaoongoza kwa zao la pamba, na fedha ya mkulima huja kwa msimu, baada ya kuuza. Ada ya kila mwezi hailingani na kipato cha namna hiyo. Wakala naye hupendelea bidhaa inayotoka haraka, kama sabuni au vocha za simu, kuliko rundo la nakala zinazosubiri wanunuzi.

Pia kuna suala la lugha. Wakazi wengi ni Wasukuma, na watoto wengi hukutana na Kiswahili cha kuandikwa kwa mara ya kwanza shuleni. Jarida la Kiswahili chepesi ni msaada kwa mwanafunzi wa hapo, wakati jarida la Kiingereza husomwa na wachache. Ndiyo maana majarida yaliyolengwa kwa watu wa maeneo kama haya, kama *Elimu Haina Mwisho*, *Fema* na *Si Mchezo!*, yaligharimiwa na serikali au wafadhili. Ubaya wa njia hiyo ni kwamba mradi ukiisha jarida huisha nao, na msomaji hana uwezo wa kulizuia lisife, kwa kuwa hakuwa mnunuzi.

## Sheria

Wakati wa ukoloni magazeti na majarida yalitakiwa kusajiliwa na serikali. Baada ya uhuru, Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimpa waziri mamlaka ya kufungia chapisho kwa ajili ya maslahi ya umma au usalama. Kwa Tanzania Bara sheria hiyo ilifutwa na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, ambayo ilileta utaratibu wa leseni kwa machapisho. Zanzibar ina sheria yake, Sheria Na. 5 ya mwaka 1988 kuhusu usajili wa mawakala wa habari, magazeti na vitabu.

Kwa jarida dogo masharti hayo yana uzito wa kiuchumi pia. Kufungiwa kwa miezi michache kunatosha kuwapoteza watangazaji na mawakala, hata kama baadaye ruhusa itarudishwa.

## Mchango katika lugha na fasihi

Majarida yalichangia sana kueneza Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, na tahajia iliyokubaliwa ilifika kwa wananchi kupitia vitabu vya shule na kurasa za *Mambo Leo*. Taarifa ya kamati hiyo yenyewe ilikua na kuwa jarida la kitaalamu linaloitwa leo *Kiswahili*, linalotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo hicho hutoa pia *Mulika* na *Kioo cha Lugha*.

Kwa upande wa fasihi, jarida lilikuwa shule ya waandishi. Mtu asiye na uwezo wa kuchapa kitabu aliweza kutuma shairi au hadithi fupi kwa gharama ya stempu. Hadithi za mfululizo zilifundisha namna ya kumalizia sehemu kwa taharuki, na mtindo huo ulionekana pia katika riwaya pendwa za miaka ya 1970 na 1980.

## Nchi jirani

Nchini Kenya, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa *Al-Islah* mjini Mombasa mwaka 1932, na Jomo Kenyatta alikuwa amehariri *Muigwithania* la Kikikuyu kuanzia mwaka 1928. Baada ya uhuru Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la vichekesho *Joe* (1973), na Ng'weno akaanzisha *The Weekly Review* (1975), lililodumu hadi mwaka 1999. Nchini Uganda Rajat Neogy alianzisha *Transition* mjini Kampala mwaka 1961. Alikamatwa mwaka 1968, na jarida likahamia Ghana.

## Intaneti na uhifadhi

Simu za mkononi zimechukua kazi nyingi za jarida. Katuni, mapishi, ushauri wa mapenzi, habari za wasanii na hadithi za mfululizo husomwa kwenye simu, na watangazaji wamewafuata wasomaji huko. Usambazaji, uliokuwa kikwazo kikubwa kwa mahali kama Nyalikungu, umekuwa rahisi kwa mwenye simu na bando. Swali la nani alipie limebaki palepale: msomaji amezoea kupata bure, na fedha nyingi za matangazo huenda kwa kampuni za kigeni zinazomiliki mitandao.

Nakala za zamani zinapotea. Karatasi yake haikukusudiwa kudumu, na nyingi ziliishia kufungia karanga na maandazi. Baadhi ya majarida yamehifadhiwa katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo ina mkusanyiko maalumu wa Afrika Mashariki, na katika Maktaba Kuu ya Taifa, ambayo wachapishaji hutakiwa kuipelekea nakala. Majarida ya katuni na hadithi za picha yalidharauliwa na wakusanyaji wengi, hivyo matoleo yake kamili ni adimu kuliko yale ya serikali, ingawa yalipendwa zaidi na wasomaji.

## Tazama pia

- Gazeti
- Fasihi ya Kiswahili
- Shaaban Robert
- Wilaya ya Maswa
- Mkoa wa Simiyu